Nguo za Mallory zafufuliwa

Picha za Waingereza waliokwenda kuupanda Everest mwaka 1924 huchekesha. Wanaume wamevaa makoti ya sufu na skafu shingoni, utadhani wanasubiri treni. George Mallory na kijana Andrew Irvine walitoweka karibu na kilele Juni 8 mwaka huo, na kwa miongo mingi watu walisema wamejitakia: nani huenda kwenye barafu na nguo za matembezi?

Mei 1, 1999, mwili wa Mallory ulionekana mlimani, zaidi ya mita 8,100 juu ya usawa wa bahari. Baridi ilikuwa imevitunza vipande vya nguo zake, kola ikiwa bado na lebo ya jina lake. Wataalamu wa Uingereza walivichunguza vipande hivyo uzi kwa uzi, mshono kwa mshono, kisha vitambaa vikafumwa upya na nguo zikashonwa kama zilivyokuwa.

Hapo ndipo kicheko kilipokatika. Mallory alikuwa amevaa nguo nyembamba nyembamba, moja juu ya nyingine: hariri, pamba, sufu, na juu kabisa jaketi la gabadini la kukinga upepo. Hewa iliyonaswa katikati ilihifadhi joto. Hariri, kwa kuwa inateleza, ilizifanya nguo zisikwamane, mpandaji asipoteze nguvu kila anaponyanyua mguu au mkono. Waongoza wageni wa Kilimanjaro wanaowahimiza wateja kuvaa nguo juu ya nguo wangemwelewa mara moja.

Mwaka 2006 mpanda milima Graham Hoyland alizivaa nguo hizo mpya huko huko Everest, akasema ni nyepesi na zina joto. Ila zilikuwa nguo za mtu aliye katika mwendo, tena hali ya hewa ikiwa nzuri. Kama angelala nje usiku kule juu, zisingemwokoa. Kwa hiyo Mallory hakuwa mjinga. Alikuwa amejiandaa kwa kupanda na kushuka siku hiyohiyo.

Je, alifika kileleni, miaka 29 kabla ya Hillary na Tenzing? Shati haliwezi kujibu hilo, na ninamshuku anayedai linaweza. Mwaka 2024 buti lenye mguu ndani lilipatikana kwenye barafu chini ya Everest, soksi yake ikiwa na lebo ya jina la Irvine. Kamera inayoaminika walikuwa nayo, ambayo huenda ingetoa jibu, bado haijapatikana.