Saa Nane ya Nani?

Mwaliko ulisema kikao kitaanza "saa 8". Niliuchapa mimi, nikauhakiki, nikautuma. Wageni wawili waliozoea karatasi za Kifaransa walifika asubuhi, saa mbili kamili, wakamkuta mlinzi anamwagilia maua. Waliousoma kwa Kiswahili walifika saa nane mchana. Mkubwa wangu hakunigombeza, ila aliniuliza swali ambalo bado ninalo: "Nani aliisoma barua hii kwa macho ya mpokeaji?"

Hapa Kigobe, kaskazini mwa Bujumbura, swali hilo ni zito. Mtaa wetu una jengo la Bunge na Ubalozi wa Marekani. Karani wa hapa huongea Kirundi mapokezini, huandika Kifaransa mezani, na hupokea simu ya Kiswahili kutoka Uvira au Kigoma. Burundi iliingia Jumuiya ya Afrika Mashariki mwaka 2007, kwa hiyo barua za Kiingereza kutoka Arusha nazo zinamsubiri. Saa ya Kiswahili na ya Kirundi huhesabiwa tangu jua linapochomoza, ile ya Kifaransa tangu usiku wa manane. Siku hizi naandika "14:00, yaani saa nane mchana", hata nikiambiwa ninarefusha.

Wajibu wa karani naueleza hivi kwa vijana ninaowafundisha: karatasi ikishaingia mkononi mwako ni yako, mpaka mwingine aisainie. Kusema "nilimwekea mezani" hakutoshi. Ndiyo maana kuna rejesta ya barua: namba, tarehe, imetoka kwa nani, inahusu nini, amekabidhiwa nani, sahihi. Ukipeleka barua ofisi nyingine, beba nakala mbili. Moja inabaki kwao, ya pili inagongwa mhuri wa kupokelewa na kurudi kwenye faili lako. Siku mtu atakapodai kwamba ombi halikufika, au lilifika muda ukiwa umekwisha, nakala hiyo ndiyo itakayokusemea.

Na mhuri wenyewe, utazame vizuri. Una vigurudumu vidogo vya siku, mwezi na mwaka, navyo havijigeuzi. Ukisahau kuvisogeza asubuhi, barua zote za leo zitabeba tarehe ya jana. Nimeona jambo hilo likizua ubishi wa wiki nzima juu ya ombi moja la zabuni.

Kujisimamia kunaanza na kuujua mji wako. Umeme ukiwepo, chapa kwanza yale yanayohitaji karatasi; kazi ya kupanga mafaili hata mwanga wa dirishani unaitosha. Mafuta yakiadimika, tarishi hukwama njiani, kwa hiyo tarehe ya mwisho ya barua iandike kwenye shajara yako siku moja kabla. Jumamosi asubuhi watu wako kwenye kazi za jamii, basi usimwahidi mtu kwamba utamfikishia kitu muda huo. Fedha ndogo ndogo za ofisi zikae kwenye kisanduku chake pamoja na stakabadhi, mbali kabisa na pochi yako.

Linalowashinda wengi ni kazi mbili kuletwa kwa pamoja. Kijana huitikia ndiyo kwa zote, kisha anabaki mpaka jioni, na zote mbili zinatoka na makosa. Mimi nadhani heshima ya kweli kwa mkubwa ni kumwambia mapema: "Mkubwa, hizi zote ni za leo. Ipi itoke kwanza?" Akijibu, liandike jibu lake pamoja na saa.

Binti ninayemfundisha sasa hufika kabla yangu. Kabla hajawasha kompyuta, hugonga mhuri kwenye kipande cha karatasi chakavu, akakisogeza karibu na dirisha, akaisoma tarehe kwa sauti. Kisha anafungua rejesta.