Ufukwe Usiofikika: Istilahi za Ulemavu na Mapumziko ya Majini

Mtafsiri mmoja wa Mwanza alituletea rasimu ya tangazo lililokusudiwa kubandikwa kwenye lango la mahali pa mapumziko kando ya Ziwa Victoria. Tangazo lenyewe lilikuwa fupi: "Wasiojiweza hawaruhusiwi kukaribia maji." Aliuliza jambo moja tu, kama neno "wasiojiweza" ni la adabu au siyo. Jibu halikuwa gumu: neno hilo halifai. Hata hivyo, tulipolitazama tangazo kwa makini tuliona kwamba hata kama neno hilo lingeondolewa na kuwekwa lililo bora kuliko yote, kosa lingebaki palepale.

Baadaye tulipata nafasi ya kufika mahali hapo pamoja na walimu wachache. Miongoni mwao alikuwamo mwalimu wa shule ya sekondari anayetumia kiti cha magurudumu. Mwalimu huyu alizaliwa visiwani Ukerewe na alijifunza kuogelea kabla ya kujifunza kusoma. Kutoka kwenye meza za chakula hadi majini palikuwa na ngazi kumi na moja za saruji. Alizihesabu, kisha akasema kwamba majini anajiweza kuliko wengi wetu. Kisichojiweza ni hizo ngazi. Makala haya ni jaribio la kuyafuata maneno ya mwalimu huyo na kuona yanatufundisha nini sisi tunaounda, tunaotafsiri na tunaofundisha istilahi.

1. Sifa ni ya mahali au ya mtu?

Wakati wa masika kila mtu husema "barabara haipitiki." Hakuna asemaye kwamba dereva wa lori hajiwezi. Lugha yetu ina kiambishi cha kutendeka, -ik- au -ek-, ambacho huiweka sifa mahali inapostahili, yaani kwenye kile kinachotendewa. Mlango haufunguki, chakula hakiliki, mlima haupandiki. Msemaji wa Kiswahili hatumii maarifa yoyote ya pekee kusema hivyo. Ni mazungumzo ya kila siku.

Jambo la kushangaza ni kwamba tunapoandika juu ya watu wenye ulemavu tunaiacha njia hii iliyo nyepesi. Tunaandika "mlemavu hawezi kufika ufukweni" badala ya "ufukwe haufikiki kwa kiti cha magurudumu." Sentensi hizi mbili zinaeleza tukio moja, lakini ya kwanza inamfunga msomaji. Akiisoma, hana la kufanya ila kumhurumia mtu. Akiisoma ya pili, ataanza kujiuliza ni kitu gani kilichozuia, na fundi gani aitwe. Mtumishi wa serikali anayeandika ripoti ya ukaguzi hana budi kuchagua sentensi ya pili, kwani ndiyo inayoweza kukadiriwa gharama.

2. Upatikanaji, ufikiaji na ufikivu

Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Haki za Watu Wenye Ulemavu ulipitishwa mwaka 2006, na Tanzania iliuridhia mwaka 2009. Ibara yake ya 9 yahusu dhana hii tunayoijadili. Ibara ya 30 nayo yataja utamaduni, burudani, mapumziko na michezo, pamoja na haki ya kufika mahali pa michezo, burudani na utalii. Kwa hiyo kuogelea si anasa iliyoachwa nje ya sheria. Sheria ya Watu Wenye Ulemavu Na. 9 ya mwaka 2010 ndiyo iliyoziweka nyingi za haki hizo katika sheria za nchi yetu. Kadhalika, tangu mabadiliko ya sheria ya mwaka 2021, Kiswahili ndicho lugha ya sheria nchini. Neno likikosewa sasa, laweza kukosewa hadi mahakamani.

Katika tafsiri mbalimbali, dhana ya Ibara ya 9 huitwa "upatikanaji", "ufikiaji" au "ufikivu". Maneno haya hayalingani.

"Upatikanaji" ni kule kuwapo kwa kitu hata kikaweza kupatikana. Mwanza, ziwa linapatikana kila upande. Mtu hulitazama kutoka Bugando, kutoka Kapri Point, hata kutoka dirishani mwa basi. Kwa mwenye kiti cha magurudumu, ziwa hilohilo laweza kuwa linapatikana bila kufikika. Neno lisiloweza kutenganisha hali hizi mbili halifai kuwa istilahi ya dhana hii.

"Ufikiaji" ni kitendo cha yule anayefikia. Linarudisha mzigo kwa mtu, na tumekwisha kuona hasara yake.

"Ufikivu" limekwisha kuzoeleka katika maandishi. Kuna wanaolipinga wakisema kuwa msikivu ni mtu asikiaye, basi kifikivu kitakuwa kitu kifikacho. Hoja hiyo ina uzito, lakini haitoshi. Kiambishi hiki hakina upande mmoja: kitu kikamilifu ni kile kilichokamilika, na kitu pungufu ni kile kilichopungua. Tunaona kwamba "ufikivu" linaweza kubaki kuwa nomino ya dhana, katika vichwa vya habari na vifungu vya sheria. Lakini katika sentensi za kawaida, kitenzi "kufikika" ni bora, kwa kuwa kila msomaji hulielewa bila kufafanuliwa.

Zaidi ya hayo, kitenzi kina ndugu zake, nasi tunawahitaji. Mahali pa mapumziko pafaa paulizwe maswali manne: Je, panafikika? Je, panaingilika? Je, panatumika? Je, panatokeka? Watu wengi huishia kwenye swali la kwanza. Lango likiwa pana, mwenyeji hutangaza kwamba pako tayari kwa watu wote, ilhali choo chake kina mlango wa sentimita 60, na mtu aliyeteremshwa bwawani hana njia ya kutoka ila kubebwa.

Swali la tatu latukumbusha pia kwamba magurudumu si kipimo pekee. Kwa mtu mwenye ualbino, ufukwe usio na kivuli unafikika lakini hautumiki. Kwa asiyeona, onyo la kichocho lililoandikwa kwa rangi ukutani ni sawa na kutokuwapo. Huyo anahitaji nukta nundu au sauti ya mtu. Kwa kiziwi, filimbi ya mwokoaji haina maana pasipo bendera.

3. Majina ya watu

Kilema, kiwete, mlemavu, asiyejiweza, mtu mwenye ulemavu: mtafsiri ashike lipi? Wapo wasemao kwamba kosa la "kilema" na "kiwete" ni kuingia katika ngeli ya vitu. Maelezo hayo hayatoshi, maana kiongozi na kijana wamo humohumo wala hawajalalamika. Kosa hasa ni kwamba maneno hayo yamefanywa matusi na masimango kwa muda mrefu, na aitwaye hivyo hakuulizwa.

Sheria mbili za mwaka 1982, ya ajira na ya matunzo, zilitumia dhana ya "walemavu". Sheria ya mwaka 2010 inasema "watu wenye ulemavu", na huo ndio usemi wa kutumiwa katika maandishi ya serikali. Hata hivyo tusiwe wakali kupita wenyewe. Chama cha Walemavu Tanzania na Chama cha Viziwi Tanzania vimejichagulia majina yao, na hakuna mhariri mwenye haki ya kuwasahihisha.

"Asiyejiweza" ni neno la kuachwa kabisa katika matangazo. Halitaji ulemavu wowote. Linatoa hukumu juu ya uwezo wa mtu ambaye mwandishi hajamwona.

4. Majina ya mahali

Neno la Kiingereza linalotumika kwa bustani ya mjini ndilo hilohilo litumikalo kwa hifadhi ya wanyama, na hapa ndipo watafsiri wengi huteleza. Tumewahi kuona "hifadhi ya maji" ikitumiwa kwa mahali penye mabwawa na mitelezo ya kuchezea. Msomaji wa Mwanza akisikia "hifadhi" atafikiri Hifadhi ya Taifa ya Kisiwa cha Saanane, mahali palipoanza kuwa bustani ya wanyama mwaka 1964, pakawa hifadhi ya taifa mwaka 2013, na ambapo mgeni hupelekwa kwa boti. Kwa hiyo mahali pa mabwawa na mitelezo, kama pale Kunduchi, Dar es Salaam, paitwe "bustani ya michezo ya maji".

Vivyo hivyo, tusiandike "pwani" kwa kando ya ziwa. Wenyeji wana maneno yao. "Ufukwe" ni mahali pa mchanga pa kupumzikia. "Mwalo" ni mahali mitumbwi itiapo nanga na samaki kuuzwa, kama Mwaloni Kirumba. "Gati" ni mahali pa meli. Mwongozo usemao tu kwamba "fukwe zifikike" umewasahau wachuuzi wa dagaa wenye ulemavu, ambao njia yao ya kila siku ni mwaloni.

5. Vifaa na njia

"Kiti cha magurudumu" na "kiti mwendo" ni kitu kimoja, na yote mawili yafaa. "Baiskeli ya magurudumu matatu", ile inayozungushwa kwa mikono, ni kitu kingine. Ni ndefu na pana zaidi, na mlango unaopitisha kiti waweza kuizuia. Mtafsiri akichanganya vitu hivi viwili katika mwongozo wa ujenzi, fundi atapima mlango usio sahihi.

Kiti cha kawaida huzama mchangani. Kwa hiyo kuna viti vyenye magurudumu manene yaliyojazwa upepo. Tunapendekeza viitwe "viti vya ufukweni". Kuna pia viti vinavyoingia majini kabisa. Katika bustani ya Morgan's Inspiration Island, iliyofunguliwa mwaka 2017 mjini San Antonio, Marekani, wageni hupewa viti vinavyoendeshwa kwa hewa iliyoshindiliwa, kwa sababu betri na mota za umeme huharibiwa na maji. Mfano huo hauna maana kwamba tungoje mitambo ya aina hiyo. Maana yake ni kwamba kizuizi kilichodhaniwa kuwa cha mtu kilikuwa cha kifaa.

"Mteremko" ni njia isiyo na ngazi. Istilahi hii haitoshi bila kipimo, kwani hata mlima una mteremko. Kipimo kinachotumika katika nchi nyingi ni moja kwa kumi na mbili: kila sentimita moja ya kupanda inadai sentimita kumi na mbili za urefu. Ngazi kumi na moja za sentimita 15 kila moja zina kimo cha sentimita 165. Mteremko wake utakuwa wa mita 20 hivi. Mwalimu wa hisabati aweza kulifanya hili somo la dakika arobaini.

Kwa ubao unaolazwa kati ya gati na chombo, twapendekeza neno la zamani "ulalo", ambalo ni mti au ubao uliolazwa kuvukia mto. Ulalo wahitaji kusogea, kwa maana ziwa hupanda na kushuka. Mwaka 2020 maji ya Ziwa Victoria yalipanda mno na kufunika magati na fukwe nyingi. Ndiyo sababu "gati linaloelea" ni istilahi ya kuzoewa: hupanda pamoja na maji, na kimo kati yake na chombo hakibadiliki sana.

Vivuko vya ziwani vimetupa fundisho bila kukusudia. Pantoni iliyovusha watu kati ya Kigongo na Busisi, kabla ya daraja la huko kufunguliwa mwaka 2025, ilikuwa na mlango wa kulala chini kwa ajili ya magari. Palipopita lori, kiti cha magurudumu nacho kilipita. Kwenye meli yenye ngazi nyembamba, mtu yuleyule hubebwa mgongoni. Hapa mtafsiri wa fomu atofautishe "kusaidiwa" na "kubebwa". Wengi watakubali la kwanza. La pili mtu aulizwe kwanza.

6. Muhtasari wa mapendekezo

Ufikivu: hali ya mahali kufikika, kuingilika, kutumika na kutokeka kwa watu wote.
Bustani ya michezo ya maji: mahali penye mabwawa na mitelezo ya kuchezea.
Kiti cha ufukweni: kiti chenye magurudumu manene ya kupita mchangani.
Mteremko: njia isiyo na ngazi, iliyotajwa pamoja na kipimo chake.
Ulalo: ubao wa kuvukia kati ya gati na chombo.
Gati linaloelea: gati lipandalo na kushuka pamoja na maji.

Turudi kwenye tangazo letu. Tulimpelekea mtafsiri maneno haya: "Kutoka hapa hadi majini pana ngazi 11. Njia ya magurudumu bado haijajengwa. Anayehitaji msaada wa kushuka na amwambie mhudumu." Alitujibu kwamba mwenye mahali hakulipenda, kwa kuwa lilionekana kumshtaki yeye badala ya wageni wake. Hakubandika la kwanza wala la pili. Aliuliza, hata hivyo, mteremko wa mita 20 unahitaji mifuko mingapi ya saruji.

Swali hilo halimo katika kazi ya istilahi, nasi tulimwelekeza kwa mhandisi. Wasomaji wenye maneno bora kuliko haya tuliyoyapendekeza, hasa wale wanaotumia vifaa hivyo wenyewe, twaomba watuandikie.