Mkungu wa uani ulivyonirudisha kwenye chaki

Mume wangu alitaka kuukata mkungu. Kila asubuhi gari limejaa majani, na Jumamosi nzima inaishia kwenye fagio. "Mke wangu, huu mti una faida gani?" Sikuwa na jibu, maana na mimi nilikuwa na kesi yangu: chaki zangu za pasteli, boksi zima nililonunua kwa pesa za upatu, zilikaa kabatini miezi saba bila kuguswa.

Nilijidanganya kwamba nasubiri safari. Nilichora pwani ya Bagamoyo, nikachora milima ya Uluguru tulipokwenda harusini Morogoro, halafu safari zikaisha na hamu nayo ikaisha. Mchoraji gani anayesubiri nauli jamani?

Jumapili moja umeme ulikatika. Nimekaa barazani na chai yangu, jani likaniangukia miguuni. Kumbe jani la mkungu halikauki tu hivi hivi! Linaanza kuwa la njano, linapita kwenye chungwa, linafika wekundu wa nyanya iliyoiva, na pembeni mwa mishipa bado kijani kimeng'ang'ania. Nikakimbilia boksi.

Kwa msioijua, pasteli ni unga wa rangi uliokandwa na gundi kidogo sana. Hakuna brashi, hakuna kusubiri ikauke. Ukitaka zambarau unapitisha bluu juu ya nyekundu papo hapo, unasambaza kwa kidole. Ila karatasi iwe na ukwaruzo. Ile laini ya fotokopi haishiki unga. Na kivuli msikipake nyeusi! Kitazameni vizuri mchangani saa nne asubuhi, kina bluu ndani yake.

Nilichora majani manne siku ile. Moja tu ndilo lilifaa.

Mume wangu aliporudi kutoka mpirani akaona vidole vyekundu, akadhani nimejikata. Nikaliweka jani kando ya mchoro. Akaligeuza geuza, kimya.

"Hili ni la hapa hapa kwetu?"

Mti haukukatwa. Tulielewana: yeye anaegesha gari upande wa pili, mimi nafagia. Nafagia kwa kuchelewa, kusema kweli, maana kila nikiinama naokota moja. Mchoro ule upo sebuleni nyuma ya kioo, kwani pasteli bila kioo mgeni mmoja tu anaifuta kwa bega. Juzi kaniletea jani kutoka kazini kwake, kalifunga kwenye gazeti. Limevunjika katikati. Nimelichora hivyo hivyo.