Baka Lisilowasha Ndilo la Kuangaliwa

Mzazi wa Timbwani akiona baka mgongoni mwa mwanawe, aghalabu hulipa jina kabla hajavuka feri kwenda kumwona daktari: ni choa, ni mba, au ni mbalanga. Hununua dawa ya kupaka, na kwa kuwa baka haliwashi wala haliumi, husahauliwa. Mara nyingi huwa hakukosea. Lakini ukoma nao huanza vivyo hivyo.

Msomaji huenda akashangaa: je, ukoma haukwisha? Ni kweli kwamba mwaka 1989 Kenya ilifikia kiwango cha chini ya mgonjwa mmoja kwa kila watu 10,000. Hata hivyo, kupungua si kutoweka. Wagonjwa wapya wameendelea kupatikana Kwale na Kilifi, majirani zetu wa kusini na kaskazini. Upungufu huo umezaa tatizo jingine: tabibu kijana aweza kuhitimu asiwahi kumwona mgonjwa hata mmoja.

Maradhi yenyewe nayo ni mjanja. Kiini chake, alichokigundua Armauer Hansen wa Norway mwaka 1873, hukua polepole mno. Dalili huweza kuchelewa miaka 5, pengine hata 20. Hadi leo hakijaweza kuoteshwa katika maabara, na kwa mgonjwa mwenye mabaka machache darubini huenda isione kitu. Zaidi ya hayo, wekundu unaoonekana wazi kwenye ngozi nyeupe, kwenye ngozi yetu huwa weupe hafifu au rangi ya shaba.

Kipimo kikuu basi si mashine. Mgonjwa hufumba macho, tabibu akamgusa kwa unyuzi wa pamba, naye huonyesha kwa kidole alipoguswa. Asipohisi mguso juu ya baka, mishipa ya fahamu imeanza kudhurika. Sisi tumezoea kuupima ugonjwa kwa maumivu. Huu hupimwa kwa kukosekana kwake.

Dawa ipo, hutolewa bila malipo, na humezwa kwa miezi 6 au 12. Mgonjwa anayeitumia huacha kuambukiza, naye hupona. Kisichorudi ni vidole vilivyokwisha kupinda na macho yaliyokwisha kupofuka kwa kuchelewa.

Na kinachochelewesha zaidi ni aibu. Wahenga walisema mficha maradhi kifo humuumbua. Mficha ukoma huumbuliwa na viungo vyake mwenyewe, angali hai.

Ndugu walimu, ninyi huwaona watoto wetu kila siku. Mwanafunzi mwenye baka lisilohisi, au anayeungua bila kushtuka, asitengwe wala asichekwe. Aitwe kando, mzazi wake aelezwe kwa upole, na apelekwe zahanati. Nanyi wanafunzi, mwenzenu mwenye baka si mkosi. Huenda neno lenu moja la huruma ndilo litakalomnusuru mkono wake.