Sensa Haipigi Kura

Kaunti ya Starr iko kusini kabisa mwa Texas, na ukivuka Mto Rio Grande umeingia Mexico. Zaidi ya asilimia 95 ya wakazi wake ni Walatino, na familia nyingi huko zina kipato cha chini. Mwaka 2016 Hillary Clinton alipata asilimia 79 ya kura za kaunti hiyo. Donald Trump aliambulia 19. Mwaka 2020 Joe Biden alishinda kwa taabu, 52 kwa 47. Mwaka 2024 Trump akaichukua Starr kwa karibu asilimia 58, akawa mgombea urais wa kwanza wa chama cha Republican kushinda hapo tangu 1892.

Wakazi ni walewale, kanisa ni lilelile, Kihispania kinasemwa madukani kama zamani. Kura ndiyo iliyohama, na kuhama kwake kumevuruga hesabu ambayo vyama vyote viwili viliiamini kwa karibu miaka ishirini.

Hesabu hiyo ilipata umaarufu mwaka 2002, pale John Judis na Ruy Teixeira walipotoa kitabu kilichotabiri kwamba chama cha Democratic kingejenga wingi mpya wa kura. Walatino na Waasia walikuwa wanaongezeka, na Wamarekani Weusi walikuwa wameegemea Democratic kwa wingi mkubwa tangu Sheria ya Haki za Kiraia ya 1964. Waandishi hao walionya kwamba chama kingehitaji pia kubaki na sehemu nzuri ya wazungu wa tabaka la wafanyakazi. Onyo hilo halikusikika sana. Kilichosikika ni kwamba muda ungefanya kazi yenyewe.

Obama aliposhinda 2008 na 2012, utabiri ukaonekana umetimia. Mitt Romney, mgombea wa Republican mwaka 2012, alipata asilimia 27 tu ya kura za Walatino, na mwaka 2013 uongozi wa Republican ukatoa ripoti ya kujitathmini iliyokihimiza chama kukubali mageuzi ya sheria za uhamiaji. Trump akafanya kinyume kabisa. Alianza kampeni yake 2015 kwa kuwashutumu wahamiaji kutoka Mexico na kuahidi ukuta mpakani. Kufikia 2024, tafiti zilizowahoji wapiga kura zilionyesha kuwa amepata zaidi ya asilimia 40 ya kura za Walatino.

Kosa la hesabu lilikuwa wapi? Idadi ya watu ilikadiriwa vizuri. Kilichokosewa ni kudhani kwamba kila kundi litaendelea kupiga kura kama lilivyopiga jana. Isitoshe, kundi lenyewe lina uhai zaidi kwenye fomu ya sensa kuliko mitaani. Mkuba wa Miami ambaye wazazi wake walikimbia utawala wa Castro huko Kuba, Mpuerto Rico wa Pennsylvania ambaye ni raia tangu kuzaliwa, na mkazi wa Starr ambaye mababu zake walikuwa pale kabla Texas haijawa ya Marekani, wote huandikwa Walatino. Siasa zao hazijawahi kuwa moja.

Katika bonde la Rio Grande, ajira nyingi za uhakika hutoka kwenye Doria ya Mpakani, polisi, na visima vya mafuta na gesi. Mama ambaye mwanawe ni askari wa mpakani akisikia mwanasiasa akiilaani kazi hiyo, humsikia kama mzazi kwanza. Ongeza mfumuko wa bei, uliovuka asilimia 9 katikati ya 2022 na kuwaumiza zaidi wenye kipato kidogo. Kwa maoni yangu, kumshangaa mtu huyu eti kwa nini hakupiga kura kama Mlatino ni kumdharau. Alipiga kura kama mtu mwenye kazi, familia na bili za kulipa.

Tena sensa huhesabu kila mtu, hata mtoto mchanga na asiye raia. Sensa ya 2020 ilihesabu Walatino zaidi ya milioni 62, karibu asilimia 19 ya nchi, lakini sehemu yao kwenye foleni ya kura ni ndogo kuliko hiyo, kwa kuwa wengi ni watoto na wengine si raia.

Wakati watu wakitazama rangi, mpasuko mwingine ulikuwa unapanuka: elimu. Wazungu wenye shahada, ambao zamani walikuwa nguzo ya Republican, wamesogea Democratic, na wasio na shahada wamekwenda upande wa pili. Mpasuko huu ndio uliowaumbua watafiti wa maoni mwaka 2016, na inafaa kuona ulivyofanya kazi.

Tuseme mtafiti anahoji watu 1,000 katika jimbo ambalo theluthi moja tu ya wapiga kura wana shahada. Wasomi hupokea simu na kukubali kuhojiwa kwa urahisi zaidi, kwa hiyo anajikuta na wasomi 500 na wasio wasomi 500. Wasomi 280 wanamtaka Clinton. Kwa wale wengine ni 230. Jumla ni 510, yaani asilimia 51, na magazeti yanaandika kwamba anaongoza. Sasa mpe kila mtu uzito unaolingana na jimbo halisi, theluthi moja wasomi na theluthi mbili wasio wasomi. Clinton anashuka hadi asilimia 49 na ushei. Uongozi umeyeyuka, na hakuna hata mmoja aliyemdanganya mtafiti. Tafiti nyingi za majimbo mwaka ule hazikufanya marekebisho haya. Michigan, Wisconsin na Pennsylvania zikaenda kwa Trump kwa jumla ya kura zisizofika 80,000, na urais ukaenda nazo, ingawa Clinton alimzidi kwa karibu kura milioni 2.9 nchi nzima.

Hapo ndipo kanuni zinapoingia. Rais huchaguliwa na wajumbe 538 wanaogawanywa kwa majimbo, na karibu kila jimbo humpa mshindi wajumbe wake wote. Seneti hutoa viti viwili kwa kila jimbo, liwe California yenye watu karibu milioni 39 au Wyoming isiyofikisha 600,000. Maoni ya wengi yanaweza kufika mlangoni na yasiingie. Baada ya mauaji ya watoto katika shule ya Sandy Hook, Desemba 2012, tafiti zilionyesha karibu Wamarekani tisa kati ya kumi wakitaka kila mnunuzi wa bunduki achunguzwe kwanza. Aprili 2013 maseneta 54 waliunga mkono pendekezo la kupanua uchunguzi huo. Zilihitajika kura 60, likafa.

Mwaka 2024 suala la utoaji mimba, lililopelekwa kwa wananchi wenyewe walipigie kura, lilionyesha jambo hilohilo. Florida asilimia 57 walitaka haki ya kutoa mimba ilindwe katika katiba ya jimbo. Sharti lilikuwa asilimia 60, na marufuku ya baada ya wiki sita ikabaki. Missouri, ambako wingi wa kawaida unatosha, karibu asilimia 52 waliikubali haki hiyo siku ileile ambayo asilimia 58 walimpigia kura Trump. Maelfu kwa maelfu walitia alama zote mbili kwenye karatasi moja, jambo ambalo lebo ya chama haiwezi kulieleza. Mwaka uliofuata bunge la Missouri, ambamo Republican ndio wengi, lilipitisha azimio la kulirudisha suala hilo kwa wapiga kura mwaka 2026, safari hii wakiombwa walifute walilolipitisha.