Nimeokoka, au Nimeokolewa?

Yamkini hakuna swali la dini linaloulizwa mara nyingi zaidi nchini Kenya kuliko hili: Je, umeokoka? Huulizwa katika bustani ya Jeevanjee jijini Nairobi wakati wa chakula cha mchana. Huulizwa ndani ya basi na mhubiri aliyeshika Biblia kwa mkono mmoja na chuma cha kujishikilia kwa mkono wa pili. Huulizwa mabwenini, baada ya taa kuzimwa. Nalo jibu limekwisha kuzoeleka: nimeokoka, au, sijaokoka bado. Muulizaji na mjibu huachana wakiwa na hakika kwamba wameelewana. Mimi ninayepata riziki yangu kwa kuyachunguza maneno nina shaka kidogo, na ninamwomba msomaji anipe ruhusa ya kulipekua neno hili ambalo wengi wetu tumelitamka tangu utotoni.

Mwanafunzi yeyote aliyefunzwa mnyambuliko wa vitenzi anajua kwamba okoa huzaa okolewa katika kauli ya kutendwa, na okoka katika kauli ya kutendeka. Tofauti baina ya hizi mbili si ndogo. Kauli ya kutendwa humdai mtenda: mtu akisema ameokolewa, sikio husubiri kuambiwa ni nani aliyemwokoa. Kauli ya kutendeka haimdai yeyote. Hueleza hali iliyofikiwa, na kumwacha aliyeileta nje ya sentensi. Kila mzazi ameishuhudia sarufi hii jikoni. Mtoto aliyeangusha kikombe hatasema amekivunja. Atasema kimevunjika, kana kwamba kikombe kilichoka kuwa kizima kikaamua chenyewe.

Sasa, mafundisho ya Kikristo kuhusu wokovu yanaegemea kauli ya kutendwa. Katika sura ya pili ya waraka kwa Waefeso, mtume Paulo alitumia kitenzi cha Kiyunani kilicho katika kauli hiyo, na wafasiri wa Biblia ya Muungano iliyotoka mwaka wa 1952 waliihifadhi kwa uaminifu: waliandika mmeokolewa. Kisha Paulo anaharakisha kueleza kwamba jambo lenyewe halikuchipuka ndani ya nafsi za waumini, wala halikutokana na matendo yao, hivyo hakuna awezaye kujisifu. Vivyo hivyo katika aya maarufu ya sura ya tatu ya Injili ya Yohana. Kitenzi cha kwanza ni cha Mungu, kupenda. Cha pili pia ni chake, kutoa, nacho kimefungwa kwenye kile cha kwanza kwa kiambishi -ka- cha masimulizi, ili tujue kwamba huko kutoa kulizaliwa na huko kupenda. Mwanadamu huingia baadaye kabisa, naye huingia kama mpokeaji.

Sisemi kwamba kuokoka ni neno la makosa. Wafasiri hao hao walilitumia katika Matendo ya Mitume, pale mlinzi wa gereza la Filipi anapowauliza Paulo na Sila afanye nini. Tena katika mazungumzo ya kawaida neno hili lina unyenyekevu wake. Mtu aliyeokoka katika ajali ya barabarani hatembei akijipiga kifua. Tarehe 7 Agosti 1998, bomu lilipolipuka kwenye ubalozi wa Marekani jijini Nairobi, jumba la Ufundi lililokuwa jirani liliporomoka na kuwafunika watu waliokuwa ndani. Waliofukua walikuwa wapita njia, askari, wafanyakazi wa kujitolea, na hata waokoaji waliosafiri kutoka Israeli. Aliyetolewa chini ya kifusi akiwa hai huwa na hadithi moja tu ya kusimulia, nayo ni ya mikono iliyomfikia. Lau tungelitumia neno kuokoka kanisani jinsi tunavyolitumia kando ya kifusi, nisingekuwa na hoja leo.

Historia ya neno hili katika eneo letu inasaidia. Wanafunzi humtania mwenzao mcha Mungu kwa kumwita mlokole, na wachache hujua kwamba wanazungumza Kiganda. Waganda husema kulokola na kulokoka. Kiswahili kiliziangusha sauti za l, ndipo tukabaki na okoa na okoka. Mlokole na aliyeokoka, basi, ni ndugu wa tumbo moja. Jina hilo lilienezwa na Uamsho wa Afrika Mashariki, vuguvugu lililopamba moto katika misheni ya Gahini nchini Rwanda katika miaka ya 1930. Kabla ya hapo, mwaka wa 1929, Mganda Simeoni Nsibambi na daktari Mwingereza Joe Church walikuwa wamekutana Kampala wakasoma Biblia na kusali pamoja. Kabla ya muongo wa 1930 kwisha, moto huo ulikuwa umefika Kenya.

Walokole hao wa mwanzo hawakulitamka neno lao likaishia hapo. Waliungama hadharani, wakarudisha walivyoiba, wakalipa madeni ya zamani. Wakati wa Hali ya Hatari, kati ya 1952 na 1960, wengi wao katika nchi ya Agikuyu walikataa kula kiapo cha Mau Mau, na baadhi yao wakakataa vilevile kubeba silaha za serikali ya kikoloni. Wako waliouawa. Msimamo wao wa kisiasa unaweza kubishaniwa, na Wakenya wengi wanaubishania hadi leo, tena kwa haki. Lakini kwao kuokoka hakukuwa nishani ya kuvaa kifuani.

Hebu sasa tulitazame neno neema. Ni neno lililotoka Kiarabu, na lilikuwa limekwisha kukaa katika Kiswahili muda mrefu kabla ya Johann Ludwig Krapf kutia nanga Mombasa mwaka wa 1844, au Edward Steere kutoa Agano Jipya la Kiswahili mwaka wa 1879. Kwa mkulima, neema ni shibe: mwaka wa neema ni mwaka wa mvua na mavuno. Katika Biblia zetu neno hili likabebeshwa maana ya fadhili apewazo mtu asiyestahili. Kwa maoni yangu uteuzi huo ulikuwa mzuri, maana hakuna mkulima aliyewahi kuipanda mvua. Hata hivyo, maana ya shibe haikufa. Imelala chini ya ile ya pili, na katika mimbari nyingi za siku hizi imeamka ikaimeza. Neema imekuwa gari, kiwanja na viza ya kwenda ng'ambo. Isitoshe, anayeitamani huambiwa kwanza apande mbegu, na mbegu yenyewe ni fedha. Mpokeaji amegeuzwa mlipaji, na aliyekuwa mtoaji amegeuzwa mwenye duka.

Paulo alikuwa amelizuia jambo hili mapema. Katika waraka kwa Warumi, mwishoni mwa sura ya sita, anaweka mambo mawili kwenye mizani: upande mmoja mshahara, ambao ni wa dhambi, na upande wa pili karama, ambayo ni ya Mungu. Walimu wanaosoma safu hii wana sababu ya kuuelewa mfano huo kuliko watu wengi. Mshahara ni neno lenye mzizi wa Kiarabu umaanishao mwezi. Ni malipo ya kila mwezi. Mwezi ukiisha, hakuna mwalimu anayemwandikia mwajiri wake barua ya shukrani. Mshahara ni haki yake, na ukicheleweshwa chama kinatangaza mgomo. Karama haiko hivyo. Wala kipawa, neno ambalo Biblia ya Muungano imelitumia katika ile sura ya Waefeso. Kipawa kimebeba kauli ya kutendwa tumboni mwake: ni kile mtu alichopawa, yaani alichopewa. Hata tunaposema kwamba mwanafunzi fulani ana kipawa cha kuchora tunakiri, tupende tusipende, kwamba yuko aliyempa.

Huenda msomaji akaniambia kwamba haya ni mambo ya wanaisimu, na kwamba muumini wa kawaida hahitaji kuhesabu viambishi ili aingie mbinguni. Sina ugomvi naye. Lakini kosa la mafundisho lina gharama, na katika nchi hii tumeshaiona. Mwezi wa Aprili 2023 maafisa wa serikali walianza kufukua makaburi katika msitu wa Shakahola, Kaunti ya Kilifi. Miili iliyopatikana ilizidi 400, ikiwemo ya watoto wengi, na uchunguzi ulionyesha kwamba wengi walikuwa wamekufa kwa njaa. Ilisimuliwa kwamba waliaminishwa kuwa kufunga hadi kufa ndiyo njia ya kumfikia Yesu. Mashtaka yalifikishwa mahakamani, na ya mahakama tuiachie mahakama. Ninalolisema mimi ni la mafundisho tu. Katika sura ya tatu ya Yohana, Mungu ndiye anayemtoa mwanawe. Shakahola, wazazi waliwapeleka wana wao. Mtu aliyeamini kwa dhati kwamba zawadi imekwisha kutolewa asingekuwa na deni la kulipa kwa mwili wa mtoto.

Si kila gharama ni ya kutisha namna hiyo. Nyingine ni za kimya, na ziko darasani. Katika vyama vya Kikristo vya shule zetu wanafunzi hugawanywa makundi matatu: waliookoka, wasiookoka, na waliorudi nyuma. Mwanafunzi wangu mmoja wa mwaka wa kwanza chuoni aliniambia, bila mzaha, kwamba ameokoka mara nne. Mara ya kwanza alikuwa kidato cha kwanza, na ya mwisho ilikuwa majuma machache kabla ya mtihani wa kitaifa. Nilipomuuliza kilichomfanya airudie safari, alijibu kwamba alikuwa akichoka. Jibu lake lina uzito kuliko alivyodhani. Nomino wokovu huundwa kutokana na okoka jinsi uchovu uundwavyo kutokana na choka. Zote mbili ni hali, na hali huja ikaondoka. Kijana huyo alikuwa akiishi kama mtu anayetunza hali yake mwenyewe, usiku na mchana, huku akiogopa kwamba ikimponyoka hatapendwa tena. Hakuna aliyemweleza kwamba aliyekwisha kupewa hawezi kuwa hakupewa.

Pingamizi hapa linajulikana: ukiwaambia vijana kwamba wokovu ni wa bure, watafanya watakavyo. Paulo mwenyewe aliliuliza swali hilo akalikataa, na Yakobo akaandika kwa ukali kuhusu imani isiyo na matendo. Wanateolojia wamebishana karne nyingi juu ya watu hao wawili. Mimi naona Kiswahili kimewapatanisha bila kelele. Kwetu imani ni kusadiki, lakini imani ni huruma pia: kumwonea mtu imani ni kumhurumia, na mtu asiye na imani ni katili. Aliyepokea huruma na asiwe nayo hana imani kwa maana zote mbili.

Walimu wanaosomesha Elimu ya Dini ya Kikristo wangeweza kuyafundisha haya yote kwa sura moja tu, ile ya kumi na tano ya Luka, endapo wangewaomba wanafunzi waisome kama wasomavyo ufahamu, neno kwa neno. Mwana mpotevu, akiwa kule kwenye nguruwe, anatunga hotuba yenye sehemu tatu. Atakiri dhambi yake, atasema kwamba hastahili kuitwa mwana, kisha ataomba aajiriwe kama kibarua. Hiyo sehemu ya tatu ni ombi la mshahara. Anapofika nyumbani anaitamka ya kwanza na ya pili, na hapo baba, ambaye tayari amemkimbilia na kumkumbatia, anaanza kuwaagiza watumishi walete vazi, pete na viatu. Ombi la ajira halitamkwi. Wanafunzi wengi hudhani lilitamkwa, kwa sababu walilisoma aya chache kabla. Waambiwe wahesabu.

Halafu waje kwa kaka mkubwa, ambaye aghalabu humalizwa haraka kengele inapokaribia kulia. Huyu ndiye anayetoa hesabu: miaka aliyotumika, amri ambazo hakuzivunja, mwana-mbuzi ambaye hakupewa. Amekaa nyumbani kwa baba yake muda wote huo akijiona kibarua. Na wanafunzi watazame vimilikishi. Anapomtaja nduguye hasemi ndugu yangu. Humwambia baba, mwana wako huyu. Baba anapojibu, anakibadilisha kimilikishi bila kumkaripia: husema, ndugu yako huyu. Mazungumzo hayo yanafanyika nje, mlangoni, ngoma zikisikika kutoka ndani, na Luka hatuambii kama kaka mkubwa aliingia.