Je, Nyama Mbichi Ioshwe Kabla ya Kupikwa?

Mwezi huu twapenda kusema nanyi juu ya neno la jikoni. Laonekana dogo, lakini limeleta ugomvi katika nyumba nyingi, tena lagusa uzima wa watoto wetu. Neno lenyewe ni hili: nyama mbichi ioshwe kabla ya kutiwa chunguni, ama isioshwe?

Mama zetu walitufundisha kuiosha, wala hawakufanya hivyo bure. Nyama iliyokatwa kwa shoka juu ya gogo huwa na vumbi la mifupa, pengine na mchanga; tena nzi wameitua njiani. Mke asiyeiosha huitwa mvivu, na mkaza mwana akiipika hivyo mbele ya mama mkwe wake, maneno huanza. Basi watu wakisikia ya kuwa madaktari hawapendi nyama ioshwe, hustaajabu sana.

Lakini na tujue ya kuwa uchafu ni wa namna mbili. Uko uonekanao kwa macho, kama mchanga; huo maji huuondoa. Uko na usioonekana, ndio vijidudu vya maradhi, kama vile viitwavyo salmonela na kampilobakta. Hivyo hukaa matumboni mwa kuku na wanyama wengine, na wakati wa kuchinja huenea juu ya nyama. Huleta kuhara, homa na maumivu ya tumbo, na mtoto mchanga au mzee aweza kufa kwavyo. Maji hayavitoi vyote. Bali matone yarukayo huvichukua na kuvitia juu ya sahani, na ubao, na nguo ya mpishi. Ndimu na siki nazo hazivimalizi. Kiviuacho ni moto.

Neno hili limejaribiwa. Mwaka 2019 Wizara ya Kilimo ya Marekani ilitangaza habari za watu waliotazamwa wakipika kuku na kutengeneza saladi. Katika kila watu 100 walioosha kuku, 60 walikuwa na vijidudu katika sinki zao, na 26 walikuwa wamevifikisha katika saladi. Lakini angalieni: hata wale wasioosha, 31 katika kila 100 walivifikisha vilevile, kwa kuwa hawakunawa mikono vema, wala hawakusafisha vyombo.

Basi yeye aachaye kuosha nyama, kisha akakata kachumbari kwa kisu kile kile, hajafanya lolote. Nyama itapita motoni. Kachumbari haipiti motoni.

Kwa hiyo twawashauri hivi:

Kwanza, nyama itokayo bucha isioshwe. Ikiwa ina vumbi la mfupa, ipanguswe kwa karatasi safi, nayo karatasi itupwe. Ikilazimu maji, itiwe polepole katika karai la maji yaliyotulia, mbali na vyakula na vyombo. Kisha maji yamwagwe mbali, na karai lisuguliwe kwa sabuni na maji ya moto. Matumbo hayana budi kuoshwa, na kuku achinjwaye nyumbani hana budi kutolewa uchafu wake. Kazi hiyo ifanyike nje, mbali na vyombo vya kulia.

Pili, kachumbari na matunda yakatwe kwanza na kufunikwa, ndipo nyama ishikwe.

Tatu, mikono inawiwe kwa sabuni, kwa muda wa sekunde 20 hivi, kila baada ya kushika nyama mbichi. Kisu na ubao vioshwe vivyo hivyo.

Nne, nyama iive hata ndani. Shirika la Afya Duniani, katika kanuni zake tano za chakula salama zilizotolewa mwaka 2001, lataka joto lifike nyuzi 70 za sentigredi. Kwa kuku, Wamarekani wataka 74. Asiye na kipimo na atoboe penye mnofu mnene: maji yatokayo yawe maangavu, yasiwe mekundu.

Wako ndugu waonao ya kuwa nyama isiyooshwa humtia mtu unajisi. Hao na wasome Marko, sura ya 7, ambapo Bwana afundisha ya kuwa kimtiacho mtu unajisi hutoka moyoni mwake. Kunawa kwetu si sheria ya kutuhesabia haki. Ni kuwahurumia wale watakaokula kwa mkono wetu.

Nanyi mabinti, msiende kwa mama zenu na habari hizi kwa kiburi. Waliiosha nyama kwa kuwa walitupenda. Mwambieni mama kwa heshima, mkate kachumbari kwanza, mkamletee maji na sabuni anawe. Hapo hata akiisha kuishika nyama, maradhi hayatafika mezani.